Viungio Vitano vya Ojangole

Sogeeni, enyi wa Busia mlio upande huu wa geti la mpaka na ninyi wa upande ule; tueni mizigo, punguzeni redio, mpate kusikia jinsi Ojangole mwana wa Emoit, fundi wa baiskeli, mzibaji wa pancha zisizo na idadi, alivyotoka nyumbani Ijumaa asubuhi kutafuta viungio vya rafu ya waya.

Mjue kwanza sababu ya vita. Sebuleni mwake ilisimama rafu hiyo, ngome ya nyavu za waya zilizoshikana pembe kwa pembe kwa viungio vya plastiki, vyeusi, vya mviringo, visivyojaa kiganja. Ndani yake vilikaa vyombo vya kikundi cha akina mama wa kanisa: sahani mia na ishirini, vikombe vya bati, na sufuria ambazo bila hizo hakuna harusi wala matanga. Mlinzi wa hazina hiyo alikuwa Alupo, mke wa Ojangole, mwaka wa sita sasa. Lakini Alhamisi viungio vitano vilipasuka kwa mpigo mmoja, ghorofa ya juu ikainama, vikombe vikatawanyika sakafuni kama jeshi lililokimbiwa na jemadari wake. Na Jumapili akina mama walikuwa wanakuja kukagua.

"Wakikuta vyombo chini," alisema Alupo, "Teopista mwenzao atavibeba kwake siku hiyohiyo. Tangu Pasaka anavitazama tu."

"Mke wangu," akajibu shujaa, mkono kifuani, "maadamu miguu hii bado inakanyaga pedali, hakuna kijiko kitakachovuka mlango huu. Naapa mbele ya—"

"Usiape. Nenda."

Akaenda. Akaendesha baiskeli mpaka Tororo, jasho likimtiririka, malori yakimpigia honi kana kwamba yanamshangilia, akasimama mbele ya duka la Owori, muuza rafu na ndoo.

"Ewe Owori, bwana wa misumari, nifungulie ghala lako! Nataka viungio vitano, wala sitaki zaidi."

Owori akakigeuzageuza kiungio kilichopasuka alichopewa. "Mzee, hii haiuzwi peke yake. Nunua seti nzima."

"Je, mtu akipoteza kifungo, hununua shati?"

"Kwangu hapa, ndiyo."

Hata hivyo Owori, asiyekuwa mtu mbaya, alifungua boksi jipya kumwonyesha. Chini kabisa, kimebandikwa kwa gundi, palikuwa na kifuko cha viungio vinne. "Vya akiba," alisema. "Kila boksi linavyo. Vyako uliweka wapi?"

Hapo moyo wa shujaa ukashuka hadi kwenye kandambili. Kwani rafu yake aliinunua upande wa Kenya, na akafanya kama tufanyavyo sote: boksi akalitupa kulekule, nyavu akazifunga kwenye karia, ili watu wa forodha waone mtu anayehama nyumba tu, si mtu aliyetoka dukani. Boksi alilitupa bila kuangalia ndani, chini kabisa.

Lakini Ojangole hakulia. Alikaa juu ya ndoo ya Owori akafikiri polepole. Kama kila mtu hutupa boksi, basi maboksi yote huenda mahali fulani. Na mahali hapo alipajua.

Jumamosi akavuka geti kwa miguu, akisukuma baiskeli, akamfikia Taaka, malkia wa makatoni, anayewauzia wenye mayai na vitunguu.

"Ewe Taaka, mrithi wa kila kitu kilichotupwa mpakani—"

"Shemeji, punguza sauti, unanifukuzia wateja."

Akampa kiungio kilichopasuka. Taaka akacheka hadi akashika kiuno.

"Ati hizi? Mimi nilidhani ni magurudumu ya magari ya watoto! Nina mkebe mzima. Nimejaribu kuzizungusha, zimekataa. Haya, nizibie gurudumu la mkokoteni, uchukue vifuko viwili."

Likazibwa. Vikachukuliwa.

Jumapili akina mama wakaingia, Mama Amongin mwenyekiti akiwa mbele. Teopista hakusalimia wala hakutazama viti. Alikwenda moja kwa moja kwenye rafu, akaisukuma kwa nyonga. Rafu ikalia. Sahani zikanong'ona. Alupo akafumba macho.

Haikuanguka.

"Vyombo vibaki hapa," akasema Mama Amongin.

Baada ya chai Teopista akamsogelea Ojangole kwa sauti ya chini. "Shemeji, hivi vidude umevitoa wapi? Rafu yangu ya viatu inaegemea ukuta tangu Krismasi."

Shujaa alikuwa amebakiwa na vitatu. Akamtazama mkewe. Alupo akavihesabu kwa kidole.

"Mpe viwili," akasema. "Cha tatu hakitoki humu."

Basi itangazwe kutoka Tororo hadi getini, na waliozaliwa jana waambiwe, kwamba Jumapili hiyo, saa nane na robo mchana, sahani mia na ishirini zilihesabiwa mahali pake, na hakuna hata moja iliyohama.