Kuhusu Unga Uliokutwa kwenye Gari Jeupe

Mahamudu Kaimu,
Nambambo, Nachingwea.

Meneja,
Usafirishaji wa Magari,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: KUSIMAMISHWA KAZI KWA MPWA WANGU NURDINI

Natumaini barua hii itakukuta mzima na umekwisha kula, maana ina mambo yasiyofaa kusomwa kwa njaa. Mimi ni mjomba wa Nurdini, dereva wenu mpya wa lori la kubebea magari, ambaye mmemsimamisha katika safari yake ya tatu tu. Mmempa siku kumi na nne ajieleze. Nurdini hana la kujieleza kwa sababu hajafanya kitu, kwa hiyo namwelezea mimi. Nilikuwa katibu wa chama cha msingi cha ushirika miaka kumi na moja, barua nazijua.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Mlimwajiri bila kuniuliza. Kwenye fomu ya udhamini nimeona sahihi ya baba yake. Shemeji yangu ni mtu mwema, simsemi vibaya, lakini huku kwetu mtoto ni wa mjomba. Baba ni mgeni aliyekaa muda mrefu. Kwa hiyo ajira ile haikukamilika, na hamuwezi kumfukuza mtu ambaye bado hamjamwajiri. Naomba mlitafakari hilo kabla ya kuendelea na namba 2.

2. Mmeniharibia kijana. Alipopita hapa mara ya kwanza na magari sita mgongoni, dada yangu Mwamina, mama yake mzazi, alikwenda kuyatazama akaambiwa avue bangili asije akachubua rangi. Mimi niliegemea gari moja kidogo tu. Akaja na kitambaa akafuta pale nilipoegemea, mbele ya watu. Kila akisimama huzunguka na karatasi, anakaza mikanda, anahesabu vioo. Nilimwomba anifikishe sokoni kwa gari mojawapo, akasema hata yeye haruhusiwi kuyawasha ila wakati wa kupandisha na kushusha. Mtu ana magari sita, anakwenda msikitini kwa miguu! Nilifedheheka sana, na kusema kweli nilijivuna vilevile.

3. Barua yenu inasema gari jeupe lilifika Ruangwa na unga kwenye kiti cha nyuma, vioo vina alama za vidole kumi na tisa, na betri moja imekufa. Kuhusu unga, mwezi wa saba upepo wetu ni mkali na wanawake hutwanga karibu na barabara. Mnasema vioo vilikuwa vimefungwa. Upepo wa Nambambo mnaujua nyinyi au mimi? Kuhusu vidole, mtu mmoja ana kumi, wawili wana ishirini. Hiyo kumi na tisa ni ya watu wangapi? Rudieni hesabu. Kuhusu betri, majirani wanasema honi ililia karibu saa nzima. Mimi sikusikia vizuri, nilikuwa karibu mno.

4. Siku ile ya safari ya tatu mlituletea wageni, yaani magari yenu sita, bila taarifa. Ilikuwa Ijumaa ambayo watoto wetu walitoka jandoni. Mwali akitoka jandoni hakanyagi chini. Hubebwa mabegani, amepakwa unga kwenye paji la uso, amevaa nguo mpya na miwani ya jua, na watu wanaimba. Sasa Meneja, gari zima lenye magurudumu yake manne, ambalo linabebwa lisikanyage chini mpaka likabidhiwe kwa wenyewe, hilo ni nini kama si mwali? Kwa hiyo unga ule, kama ulikuwepo, ni baraka na wala si uchafu. Mteja wa Ruangwa ashukuru. Na yale matano yaliyofika bila unga naomba yarudishwe Nambambo haraka, maana yametoka vibaya na sitawajibika yakianza kusumbua.

5. Mnadai lori liliachwa bila mlinzi. Hapo mmenikosea mimi binafsi. Nurdini alipokwenda kuswali aliniachia lori pamoja na bahasha ya funguo, nami nikaikosa swala ya Ijumaa kwa ajili ya mali yenu. Hakuna aliyepanda. Ile picha inayozunguka kwenye simu, ya lori lililojaa watoto wenye miwani huku kijiji kizima kinalizunguka kwa ngoma, ni ya lori jingine. Malori ya namna hiyo hapa ni mengi, tangu nizaliwe yamepita kama mawili.

Meneja, kijana huyu alifeli mara mbili mtihani wa kurudi nyuma na tela. Tulifunga mkokoteni nyuma ya baiskeli yangu, tukafanya mazoezi uwanjani wiki nne, yeye anasukuma kinyumenyume na mimi namwelekeza. Siku alipopata leseni ya daraja E nililia, sioni aibu kusema. Naomba arudishwe kazini, aandikiwe barua ya kuombwa radhi, nayo ipitie kwangu kama mjomba.

Nisalimie dada Winfrida anayepokea simu kwa upole, walinzi wa getini, mafundi wote, na yule mteja wa Ruangwa mkionana. Mwamina anawasalimu, ila bado hajavaa bangili.

Wenu katika kutafuta haki,
Mahamudu Kaimu
(Mjomba)

N.B. Gari la kijani, si lile jeupe, chini ya kiti cha mbele kuna miwani ya jua ya mtoto wa jirani yangu Ashura. Naomba irudishwe, anailia tangu siku ile. Watoto walikaa wawili wawili kila gari, na wa kumi na tatu nikampakata mimi penye honi. Nurdini asilaumiwe kwa hilo. Aliporudi kutoka msikitini alikuta milango imefungwa na mimi nimesimama palepale aliponiacha, akanishukuru kwa mikono miwili. Mpaka leo hajaniuliza kitu, ananiletea maji ya kuoga kila jioni, na maji hayo sasa yananishinda kuoga. Kama ni lazima mtu afukuzwe, nifukuzeni mimi kwenye ulinzi.