Siku ya Mapumziko Imeingia Hadi Jikoni Kwangu

Duka la Kalinga,
Mlandege, Iringa.
Jumanne, 12 Machi 1957.

Kwa Bwana Afisa wa Kazi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na tena itakukuta kazini, maana siku hizi watu hawakutwi kazini.

Mimi, Bartholomeo Kalinga, nilitii amri. Nilibandika tangazo ukutani kwamba kila mfanyakazi wa duka apewe siku moja ya kupumzika kwa juma. Mfanyakazi wangu ni mmoja, Jailos, mtu mzima wa Mbalizi. Alichagua Jumatano. Yaliyonipata ni haya:

1. Jumatano ya kwanza sikuiona faneli ya mafuta ya taa. Nilimfuata Jailos kwake, nikamkuta kajilaza juani. Akanijibu kwa adabu, “Bwana, ilipo napajua, lakini kukumbuka nako ni kazi. Nitakumbuka kesho.”

2. Mama Lea alikuja kununua chumvi. Aliponiona peke yangu akasema, “Basi, Mzee, nitarudi mwenyewe akiwepo.” Mwenyewe ni mimi, Bwana.

3. Mke wangu, Apolonia, alilisoma tangazo. Akaniuliza ni nani anayefagia duka na kuchambua maharage ya kuuza. Nikasema ni yeye. “Basi mimi ni mfanyakazi, na Jumatano sipiki.” Nikamweleza kwamba yeye ni mke. Akataka nimwonyeshe neno hilo kwenye tangazo. Nimelisoma mara nne. Halimo.

4. Jumatano iliyopita nilijipikia ugali. Jirani alikuja mbio na ndoo ya maji, akidhani nyumba inaungua.

Kwa hiyo naomba sheria hiyo ifutwe. Ikishindikana, basi ifutwe Jumatano, watu watoke Jumanne waingie Alhamisi moja kwa moja.

Nisalimie mama wa nyumbani, watoto, karani wako, na yule askari wa mlangoni.

Ni mimi mtiifu wako, mwenye njaa,
B. Kalinga.

N.B. Leo ni Alhamisi. Jana Apolonia alikwenda Kilolo kumwona mama yake, na kwa kuwa nyumbani hapakuwa na chakula, nikafunga duka nikafuatana naye. Tulipanda lori la mbao. Mama mkwe alinitazama sana, kisha akamsalimu bintiye kwa Kihehe na kumwuliza, “Kamwene, mwanangu. Na huyu mgeni ni nani?” Nimeoa kwake miaka kumi na miwili sasa, ila kwa ajili ya duka sijamtembelea miaka mingi! Apolonia alicheka mpaka akakaa chini. Sijamwona akicheka hivyo tangu tufungue duka. Barua naituma tu kwa sababu stempu nimeshaibandika. Tafadhali, Bwana, usifute chochote.