Nyimbo za Huzuni Barazani kwa Darwesh

Jumatatu, 4 Agosti

Leo nimewafungulia wenzangu wa barazani muziki wangu wa Kizungu, uitwao altanetivu. Mjukuu wangu Nusrat, yule wa hotelini Paje, ndiye aliyenitilia simuni. Magitaa yenye mwangwi. Kijana anaimba kama ana homa. Raha tupu! Mji Mkongwe wote hakuna mzee mwengine anayeujua. Shule niliacha darasa la tatu, lakini sikio langu limefika chuo kikuu.

Usi muuza kahawa kanipa pole, kauliza kafa nani. Nkamwambia hajafa mtu, huu ni muziki. Akasema basi huyo anayeimba apelekwe hospitali. Mkadam, jirani yangu wa mkabala, kacheka mpaka kahawa ikamtoka puani.

Haya. Kesho naongeza sauti.

Jumanne, 5 Agosti

Nimeongeza. Lo! Mkadam katandika jamvi barazani kwake, ng'ambo ya kichochoro. Karata kachukua. Redio kafungua, taarab inarindima. Wamehamia wote! Hata Usi na dele lake la kahawa. Tangu ujana wetu mazungumzo ya mtaa huu ni kwangu, leo nimekaa na paka.

Mke wangu Bi Afra kanambia nizime tu, wenzangu watarudi. Nkamwambia Darwesh hazimi. Akasema haya, basi na huyo paka mpigie karata.

Alkhamisi, 7 Agosti

Nshapata dawa! Simuni muziki huu haunogi. Lazima wauone kwa macho. Nusrat kasema Jumamosi alasiri bendi ya namna hii inapiga hotelini kwao. Nimekodi gari. Nimewaalika wote.

Mkadam kasema yeye hendi kusikiliza vilio vya watu. Nkamwambia anaogopa. Basi tumewekeana sharti mbele ya kila mtu: wenzetu wakiupenda, karata na watu wanarudi kwangu. Wakiuchukia, sifungui tena muziki huu barazani, mpaka nizikwe. Kanipa mkono upesi mno, mshenzi huyu.

Nusrat kapiga simu, kanisihi. Babu, huku watu husikiliza kimya. Nkamwambia nani atanifundisha mimi adabu ya muziki.

Jumapili, 10 Agosti

Nimeshinda! Nieleze.

Jana tumefika Paje. Vijana wanne jukwaani, nywele usoni, wanatazama viatu vyao. Wageni wamesimama kama wako mazikoni. Wimbo wa kwanza, kimya. Wa pili, kimya. Mkadam anapiga miayo makusudi. Usi kauliza chakula saa ngapi. Nkaona baraza yangu inakwenda hivi hivi.

Halafu likaja la aibu zaidi: kijana anaimba vile, na hakuna anayemtunza! Hata noti moja! Kwetu kwenye taarab mwimbaji akikugusa, unainuka. Nkainuka. Noti juu, mabega taratibu, nkapita mbele ya Mkadam nikimnyooshea kidole kila neno, ajue kuwa wimbo huu ni wake. Kizungu sikijui, lakini kwa sauti ile hapana shaka alikuwa anasemwa yeye. Nkamchomeka mwimbaji noti kwenye nywele.

Kijana kaacha kuimba. Gitaa likalia kama mlango wenye kutu. Kisha akaanza kucheka! Bendi nzima hoi. Mkadam naye hakukubali kusemwa, akainuka na noti yake kunijibu. Usi akamfuata. Wageni wakapanga foleni! Vigelegele! Wale vijana waliokuwa na homa wamepona wote, wanarukaruka jukwaani.

Garini wenzangu walikuwa wanauimba wimbo. Mkadam mwenyewe kasema muziki huu mtamu, kashindwa. Nusrat tulimwacha hotelini analia. Sikumuuliza kwa nini. Furaha, nadhani.

Jumatatu, 11 Agosti

Wamerudi wote kwangu. Jamvi limejaa. Nkafungua muziki, nkafumba macho.

Makofi! Usi anacheza na dele kichwani! Mkadam kaichomeka simu yangu noti, ananinyooshea mimi kidole. Nkawaambia nyamazeni, huu muziki ni wa kukaa na roho yako. Wakasema si wewe Darwesh uliyetufundisha? Mimi! Nkawafukuza. Wote. Kahawa haijaisha hata kikombe.

Bi Afra, dirishani, kaniuliza kama nimeona nilichofanya. Nimeona. Nimewafukuza wasiojua kusikiliza.

Jumanne, 12 Agosti

Ng'ambo kwa Mkadam pamefurika. Kaupata muziki wangu kwa Nusrat! Wanatunzana mpaka uchochoroni, hapapiti baskeli. Mimi na paka.

Wanadhani wameniweza. Nimempigia Nusrat anitafutie muziki wenye huzuni zaidi ya huu, usiotunzika kabisa. Na spika kubwa. Wakiusikia huo, watarudi wenyewe.