Kunyimwa Alama kwa Sababu ya Ufuo wa Lucky Summer

Mheshimiwa Mkuu wa Chuo,

Pokea salamu zangu za heshima, ingawa nazituma nikiwa nimefura kwa hasira. Mimi ni Muthoki Kiema, mwanafunzi wako wa mwaka wa mwisho, mkaazi wa mtaa wa Lucky Summer. Mhadhiri wetu wa utafiti, Bwana Simiyu, amenipa sufuri katika insha ya historia ya mtaa ninakoishi. Bila insha hiyo sihitimu, na mama ameshawaalika watu wa kanisa waje nyumbani kunisherehekea. Malalamiko yangu ni haya:

1. Niliandika kwamba Lucky Summer ni mji wa kitalii wenye ufuo wa mchanga mweupe. Sikujitungia. Nilitafuta kwenye simu, na habari hiyo ndiyo iliyotokea ya kwanza kabisa. Kama ingekuwa ya uongo, si ingewekwa chini huko ambako hakuna mtu anayefika?

2. Nilihakikisha. Niliwauliza Odera na Triza, wanafunzi wenzangu wa mtaa huu huu, nao walikuwa wameandika ufuo huo huo, neno kwa neno, kwa kuwa nilikuwa nimewatumia insha yangu. Kisha nikaliuliza lile roboti la simu linalojibu maswali. Lilikubali, likaniongezea na pomboo wanaorukaruka baharini. Nikaliuliza kama lina hakika, likasema lina hakika. Bwana Simiyu anataka nini tena, jamani?

3. Akaniambia nichungulie dirishani. Mheshimiwa, dirisha halina mwandishi wala tarehe ya kuchapishwa! Nilichungulia kwa heshima tu, nikaona nguo za jirani zimeanikwa na kuku wakigombania ganda la ndizi. Hayo nitayanukuu vipi?

4. Ati nimuulize nyanya yangu, Nzembi, aliyehamia hapa kungali kichaka. Nyanya ukimuuliza mwaka, anakujibu ni ule ambao mjomba aliacha kunyonya. Kabla hajafika kwenye jibu amelia, amecheka, amemsengenya marehemu babu, na ugali umeungua. Mimi nimezoea jibu linalokuja kabla sijamaliza swali.

5. Maktabani ndiko nilikodharauliwa zaidi. Bi Ndete, mkutubi, alinipa vitabu viwili vinavyopingana, akataka nivilinganishe. Yaani vitabu vyenyewe havijaelewana, halafu niamue mimi? Simu yangu haijawahi kubishana nami hata siku moja.

6. Kwa hivyo kosa si langu, ni la mtaa, ambao umekataa kufuata ulivyoandikwa. Naomba chuo kiiandikie kaunti ilete mchanga na maji ya bahari kabla ya mahafali. Pomboo wakichelewa tutavumilia.

Nisalimie wahadhiri wote, wapishi wa kantini, na hata Bwana Simiyu, ambaye sina kinyongo naye cha kupita kiasi.

Mwanafunzi wako mtiifu aliyeonewa,
Muthoki Kiema

Nyongeza: Nisaidie haraka, Mheshimiwa, naandika haya nikilia. Mtu ameweka kwenye ukurasa wa mtaa wetu kwamba nimefukuzwa chuoni kwa kuiba mtihani. Ni uongo mtupu! Lakini ndiyo habari ya kwanza mtu akitafuta jina langu, na majirani wametumiana mpaka imekuwa kweli. Mama ameisoma, akawapigia watu wa kanisa wasije. Tafadhali tangaza kwamba mambo ya mtandaoni si ya kuaminiwa hivi hivi, mtu aulize kwanza. Mama tunalala naye chumba kimoja, na hajaniuliza hata neno.