Gunia la Udongo wa Lambwe

Jumatatu, 3 Machi
Tumepiga kura ya kuokota vikaratasi, nimeshinda! Daktari Caren, mtafiti wa miti, anapanda miche kwenye mchanga tuliouacha sisi waosha dhahabu wa Nyatike. Umejaa zebaki, hata nyasi zimeukataa. Mstari wangu wa miche utawekewa udongo wenye kuvu kutoka bonde la Lambwe. Wa jirani yangu Mellen hauwekewi kitu, ili tofauti ionekane. Kamati imeongeza utamu: mwenye miche mingi hai tarehe 8 Mei ataajiriwa kutunza kilima chote cha mchanga huo. Mellen alinuna. Kura ni kura, mama.
Daktari anasema kuvu ni nyuzi nyembamba kuliko nywele. Hushika mizizi, huutafutia mti maji na chakula, huzuia sumu ya madini isipande. Nikauliza zinalipwa nini. Sukari, akasema. Mti huzilipa sukari! Nimewaza jambo hilo mpaka ugali ukapoa.

Jumanne, 4 Machi
Gunia limefungiwa stoo. Udongo, kwa kufuli! Miaka ishirini na miwili nimeosha mchanga. Udongo usio na kitu haufungiwi. Ufunguo ninao, mstari ni wangu. Nyuzi zisizoonekana, eti. Nimeazima karai.

Jumatano, 5 Machi
Nimeosha gunia zima. Maji meusi kama kahawa, nikayamwaga mteremkoni. Dhahabu: hakuna. Nyuzi: hakuna, hata kwa miwani. Ikabaki changarawe safi. Nikaitumia kupandia miche kama nilivyoagizwa.
Mellen, ambaye mstari wake uko chini yangu, aliuliza tangu lini udongo unaogeshwa. Usafi ni afya, nikamjibu. Akachimba mfereji, akayavuta maji yangu kwenye miche yake. Mroho! Hata maji machafu hayaachi.

Ijumaa, 4 Aprili
Mvua nzuri. Miche yangu njano. Ya Mellen ina majani mapya. Nilibadilisha vibao vya majina alfajiri. Alivirudisha kabla ya chai, akauliza kama mke wangu pia namtambua kwa kibao.

Alhamisi, 8 Mei
Kati ya miche arobaini ya kila mstari, iliyo hai: Mellen thelathini na minane, mimi mitatu. Daktari aliketi mchangani, akaweka mzizi wa Mellen kwenye hadubini. Nyuzi tele! Zimefikaje huku, akauliza.
“Muulize Baba Kemuma,” Mellen akasema, akininyooshea kidole. “Yeye alipika supu, miti yangu ikanywa.”
Daktari hakunikaripia. Aliuliza karai ngapi, maji kiasi gani, akaandika yote. Nikaanza kutumaini.
Kazi akapewa Mellen.

Ijumaa, 9 Mei
Mellen ni bosi wangu. Amenipa jembe na mstari mpya. Nakiri kuvu zipo. Nimeziona mwenyewe, nyeupe, zimesukana kama nywele za harusi. Nimewaomba radhi Daktari na Mellen.
Gunia jipya limefika kutoka Lambwe. Mellen amelitia kufuli mbili.
Mbili! Kwa kuvu tu?
Karai bado sijalirudisha.