Makro Yangu na Mbegu za Waliokimbia

Jumatatu, 10 Machi 2003. Mjini Baraka.
Nimeazimia kuziokoa familia zilizokimbia vita! Wenye silaha hupora mbegu mara tu zigawiwapo. Wakiyapata majina na makazi ya familia hizo yaliyomo katika kompyuta ya ofisi yetu ya kugawa mbegu, hawatahangaika kutafuta nyumba. Hivyo ninaandika makro, programu ndogo ya kujiendesha: nikibofya mara moja, kila faili ya Excel kabrashani itajifunga kwa neno lake la siri. Mama Georgette, mwenzangu hapa bureau, ofisini, akauliza kwa nini nisifunge mlango tu. Hana maono.

Jumanne, 11 Machi.
Imefaulu! Faili zote zimefungwa, kila moja kwa neno refu lililobuniwa na mashine yenyewe. Maneno hayo makro imeyaweka katika faili moja. Faili hiyo nayo ilikuwa kabrashani. Nayo imejifunga.

Jumatano, 12 Machi.
Nimejaribu jina la mke wangu, la mbuzi wangu, la Bikira Maria. Wapi! Bila orodha hatuwezi kugawa mbegu, na mvua imeanza; wasiopanda sasa hawatavuna. Georgette akaniita Papa Kufuli mbele ya bamama waliosubiri mbegu. Nikawaeleza kwamba usalama una gharama. Wakacheka hata watoto waliolala mgongoni wakaamka.

Alhamisi, 13 Machi.
Georgette amegawa bila kompyuta. Watu walikaa kwa vijiji walivyotoka. Anayesimama kupokea, jirani zake wa nyumbani humtaja kwa sauti. Bwana mmoja alisimama, hakuna jirani aliyemtambua. Akaketi bila mbegu. Mimi nilibeba magunia. Aibu!

Ijumaa, 14 Machi.
Wenye silaha wamekuja. Mkubwa wao akaamuru: "Papa, fungula hii machine, tuone benye kupata mbegu!" Nikaapa kwamba siwezi. Akasema hakuna mwenye akili ashindwaye kufungua kazi yake mwenyewe. Akainua bunduki. Georgette akaingilia, akimgeukia mkubwa huyo: "Chef, huyu Papa anajifungiaka mwenyewe! Uliza bamama!" Bamama wakasimulia, mmoja akaiga uso wangu mbele ya kompyuta. Askari wakacheka hadi kushikana mabega. Wakaondoka bila jina hata moja. Kiti changu wamekichukua.

Jumamosi, 15 Machi.
Georgette ameniletea bukari, ugali wetu, na samaki wa mukeke wa kuchoma. Akakiri kwamba familia zote zimesalimika kwa sababu yangu, kisha akanisihi nisirudie kamwe. Wivu huo! Jumatatu nakwenda kituo cha afya. Muuguzi mkuu ana majedwali ya dawa za wagonjwa wote, na yote yako wazi kabisa. Maskini, hajui hatari inayomkabili.