Upenyo Uliomuua Baba Mkwe

Jamani, leo nimemuua baba mkwe. Nimemuua mchana kweupe, kwa kompyuta, nikiwa nimekaa kitako na kikombe cha chai mkononi.

Nianze mwanzo. Mzee Sadiki wa Itetemia ni baba yake Mwajuma, na Mwajuma ndiye ninayetaka kumuoa. (Bado sijamuoa. Hapo ndipo moyo unaponidunda.) Washenga wangu wanatakiwa kwake Jumamosi hii. Kila nikienda kusalimia, mzee ananiuliza swali lile lile: "Hivi kijana, hiyo kazi ya kukaa mbele ya kompyuta, jioni mtu unaonyesha nini?"

Juzi akanipa mtihani. Yeye ni mwenyekiti wa kikundi cha wafuga nyuki, mizinga yao iko Ipole. "Tutengenezee tovuti. Weka picha za wanachama wote kumi na mmoja. Ila zisigandane, kila mtu awe na mpaka wake. Nikiiona, nitajua kama una kazi au huna."

Mipaka tu? Nikacheka. Nikapanga picha kwenye gridi, kila kisanduku nikakizungushia mstari. Lo! Visanduku vikikutana, mistari miwili inalala pamoja na kuwa minene, pembeni inabaki myembamba. Ovyo kabisa. Nikatafuta ujanja. Nikapaka eneo lote la nyuma rangi nyeusi, nikaacha upenyo kidogo kati ya picha na picha na kuzunguka nje, weusi ukachungulia humo. Mistari ikanyooka kama ya rula! Visanduku vilikuwa kumi na viwili na wanachama kumi na mmoja, kwa hiyo cha mwisho kilibaki cheusi tupu. Nikasema nitakirekebisha baadaye.

(Fundi akikwambia "baadaye," kimbia.)

Kuna jambo nililisahau. Wakati najaribu, upenyo niliuweka mpana ili niuone vizuri. Upande wa kompyuta niliupunguza. Upande wa simu, wala. Na nani hapa Tabora atafungua tovuti ya asali kwa kompyuta?

Saa sita nikamtumia Mwajuma kiungo. Mwajuma kwa furaha, bila hata kukifungua, akakirusha kwenye kundi la ukoo. Shangazi yake wa Urambo akakifungua kwenye simu. Akakutana na uso wa kaka yake umejaa kioo kizima, umezungukwa na weusi mnene kama kidole, na chini nimeandika kwa mapenzi yangu yote: "Mwenyekiti wetu mpendwa."

Kwetu picha ya namna hiyo ina maana moja tu.

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," shangazi akaandika. "Kaka yangu! Jana tu tumeongea!"

Wakapiga simu ya mzee. Haipokelewi. Kumbe ameiacha kwenye chaji, yeye kaenda msikitini kuswali adhuhuri, na mama mkwe yuko shamba. Nusu saa baadaye Mwajuma ananipigia: "Umefanya nini wewe? Majirani wanafunga turubai kwetu!"

Nikarukia bodaboda. Nilipofika, mikeka imetandikwa, kina mama wamejifunga kanga viunoni na wanachambua mchele. Mlangoni kalala chali Mzee Pazi, fundi cherehani, Mzaramo, mtani wa Mzee Sadiki. (Wanyamwezi na Wazaramo wanataniana tangu enzi za misafara ya kwenda pwani, na msibani mtani ana ruhusa ya kufanya vituko atakavyo.) Amevaa kanzu ya marehemu. "Mimi ndiye Sadiki!" anapiga kelele. "Sizikwi mpaka nile pilau!"

Nikasimama katikati ya uwanja. "Jamani, hakuna msiba! Ni upenyo tu!"

Mama mmoja akatikisa kichwa. "Maskini, mkwe amechanganyikiwa. Mpeni maji."

Wakanipa maji. Nikayanywa! Ningefanyaje?

Ndipo marehemu akaingia. Alipoona turubai akapunguza mwendo, akaweka uso wa huzuni, akapeana mikono na wazee wawili wa mwanzo (nao wakampa kwa mazoea), akaketi mkekani.

"Poleni sana, jamani. Nani katutoka?"

Mama mmoja akatimua mbio na ungo wake wa mchele. Mzee Pazi, bila hata kunyanyua kichwa, akajibu: "Wewe. Tena umechelewa."

Wakamwonyesha simu. Akatazama uso wake, kisha akanitazama mimi. Nilitamani ardhi ipasuke.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umeniua?"

"Ni upenyo, mzee. Kwenye simu umekuwa mpana."

Akashusha ukurasa taratibu mpaka mwisho, akagota kidole kwenye kile kisanduku tupu. "Na hiki cheusi kisicho na mtu, ni cha nani?"

Nikafungua mdomo. Mzee Pazi akaniwahi: "Cha mkwe!"

Turubai zima likaangua kicheko. Mzee akajitahidi kukunja uso, akashindwa, akacheka mpaka akajifuta machozi. "Mimi nilidhani huna kazi. Kumbe unaweza kujaza uwanja wangu watu kabla sijamaliza kuswali! Haya, washenga waje Jumamosi."

Nikataka kumshukuru. Akaninyooshea kidole. "Sijamaliza. Weusi utoe kwa wote. Kwenye kile kisanduku cha mwisho weka picha yako wewe, na fremu yako usiipunguze."

Kwa hiyo ndugu zangu, mkifungua tovuti ya asali mkaniona nimezungukwa na weusi mnene kama kidole, msitume rambirambi. Niko hai, nakunja turubai, na Mzee Pazi bado amelala mlangoni anasubiri pilau.